Kifundo

Fungu la mia tano, Jumamosi, Kiboriloni.
Mwanahawa alilifunga kwa ukambaa wa mgomba,
akachomoa kijiti kimoja, akanipa peke yake:
"Hiki usikinywe, baba. Kikate chini ya kifundo,
nyofoa majani ya chini, kitie majini,
kisha kisahau kidogo.
Kinachotazamwa sana hakioti."

Mimi nikakitazama.

Kilikaa dirishani, ndani ya chupa ya jemu,
kati ya mshumaa wa siku za giza
na picha ya ubatizo wa Kandida.
Siku ya kwanza kililegea kama mwenye homa.
Ya tatu kikanyanyua shingo.
Ya sita, asubuhi ile mlima ulipojifunua wote,
majirani wamesimama nje, miswaki mdomoni,
wakiutazama kana kwamba umejengwa usiku,
mimi nilikuwa nimeupa mgongo,
nahesabu ndani ya chupa nyuzi nne nyeupe,
nyembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo.

Nilipaswa kukipanda ndooni.
"Ndoo iliyotoboka," Mwanahawa alisema,
"maana mnanaa haujui mpaka."
Lakini udongo huu wa Shirimatunda, mweusi,
unaokubali hata fimbo ya kutembelea,
nani aufungie ndooni?
Nikauweka chini, kando ya bomba,
pale maji ya kunawa yanapopotea bure.

Masika yakaja.
Mnanaa ukaacha kwenda juu, ukaenda chini kwa chini,
kama habari ya mtu aliyefumaniwa:
hujui nani kaibeba, unaikuta imeshafika.
Ukapita chini ya ukuta wa tofali,
ukaibukia katikati ya mchicha wa Mama Aikaeli.

Alikuja saa moja asubuhi, kanga kiunoni,
mkononi rundo la mizizi linadondosha tope,
kama aliyemleta mwizi kwa masikio.
"Jirani, mwanao huyu analala kwangu."
Nikacheka.
Nilikosea kucheka.
Miezi miwili salamu yetu ilikuwa mlio wa dirisha likifungwa.

Aling'oa wa kwake wote, akautupa mtaroni.
Nami kwa aibu nikang'oa wangu,
nikabakiza shina moja, hatimaye ndooni,
nikalimwagilia asubuhi, mchana, jioni,
kama mtu anayelipa deni
kwa mwenye duka aliyeshahama.
Likaoza.
Nilipoipindua ndoo, chini ilikuwa nzima kabisa.
Mwanahawa aliposema iliyotoboka
mimi nilisikia: kuukuu.

Sasa ni Julai. Ukungu umeshuka hadi kwenye mabati,
Kandida anakohoa, ananiuliza chai ya siku zile.
Na huko mtaroni,
kati ya mfuko mtupu wa saruji na kandambili moja ya kushoto,
ule uliotupwa umefika gotini.
Haukumwagiliwa na mtu. Haukutazamwa.
Watoto wa shule wanauchuma wakipita,
wanausugua viganjani, wananusishana,
na barabara nzima hadi kona ya fundi baiskeli
inanuka asubuhi.

Nimechuchumaa, kisu cha jikoni mkononi.
Nyumbani inanisubiri ndoo yenye matundu matano
niliyotoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.
Natafuta kifundo kwa kidole gumba,
huku umande ukipanda mikono ya sweta,
mara kivuli kikaniangukia:
Mama Aikaeli, kanga ileile,
naye ana kisu.

Hakusema kitu kuhusu mchicha.
Mimi sikusema kitu kuhusu dirisha.
Aliinama, akaangalia ninapokata,
akaguna.
"Shusha kisu," akasema. "Kifundo unakiacha."
Kisha akasogea hatua moja upande,
asinizibie mwanga.